PILIPILI YETU YA KAMBOVE

Wahenga walisema: "Pilipili iliyo shamba yakuwashiani?" Maana yake twaijua sote: jambo lisilokuhusu, usijitie ndani yake. Lakini leo, wasomaji wapenzi, nataka kuigeuza methali hiyo. Pilipili iliyo shamba hapa Kambove yatuhusu, tena yatuhusu sana. Yahusu kipato cha mama aendaye sokoni alfajiri na beseni lake kichwani. Yahusu tumbo la mzee na macho ya mtoto mdogo. Yahusu pia udongo tunaoukanyaga, ambao umejaa shaba na kobalti. Basi si udukuzi kuchungulia bustani ya jirani na kuuliza amepanda nini, na amepanda mahali gani.

Mji wetu ni mji wa machimbo. Reli ilifika hapa mwaka 1913, miaka mitatu baada ya kufika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi wake nyumba katika kambi, na pamoja na mshahara ikampa posho ya unga na mafuta. Mtu mwenye posho hakuwa na haja kubwa ya jembe. Mwaka 1967 serikali iliyatwaa machimbo, na kampuni mpya, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ikaendelea kugawa unga. Watoto wa siku zile, ambao leo ni wazee, huikumbuka siku ya unga kama sikukuu.

Kisha mambo yalibadilika. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, haikufikia hata tani 50,000 katika mwaka 1994. Mishahara ilichelewa miezi mingi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja, na fedha hizo katika nyumba nyingi hazikudumu. Ndipo jembe lilipotoka nyuma ya mlango. Akina mama walilima nyuma ya nyumba, kando ya vijito, na katika kila kiwanja kilichokuwa wazi. Walipanda lenga-lenga, vitunguu, nyanya na muhogo wa sombe. Na pembeni, karibu na mlango wa jikoni, mashina matatu au manne ya pilipili.

Mashina hayo machache yasidharauliwe. Pilipili haitaki shamba kubwa. Mbegu zake hazinunuliwi, kwa kuwa tunda moja lililoiva latoa mbegu za bustani nzima. Shina likitunzwa huishi zaidi ya mwaka mmoja na kuzaa tena. Sokoni huuzwa kwa mafungu madogo, hata mwenye fedha kidogo kabisa hupata fungu lake. Mama mwenye mashina ishirini hatajirika, lakini hakosi sabuni wala chumvi, na mara nyingi daftari za watoto zimetoka hapo hapo.

SAHANI ILIYOVUKA BAHARI

Watu wengi hudhani kwamba pilipili ni mali ya Afrika tangu kale. Sivyo. Kabla ya mwaka 1492, Christopher Columbus alipovuka bahari ya Atlantiki, hapakuwa na mtu yeyote wa bara letu aliyepata kuionja. Asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko waliilima maelfu ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kufika kwao. Wareno, ambao mabaharia wao walikwisha kufika kwenye mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480, ndio walioieneza katika pwani za Afrika na hata Bara Hindi. Kutoka pwani ilipita mkono kwa mkono hata ikafika kwetu ndani ya bara.

Tena haikuja peke yake. Tazama sahani yako ya jioni. Bukari wa mahindi: mahindi yatoka Amerika. Sombe: muhogo watoka Amerika. Karanga zilizopondwa ndani ya sombe: Amerika vilevile. Nyanya pia. Ukiondoa wageni wote katika sahani hiyo utabaki na chumvi, mafuta ya mawese na samaki! Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaopenda kubishana ni chakula gani cha asili na kipi cha kigeni. Babu zetu walipokea kilichowafaa, wakakifanya chao.

Jina nalo limesafiri, ila kwa njia nyingine. Wahindi wa kale waliita pippali namna ya pilipili ya kwao, ile ndefu, ambayo si jamaa ya hii yetu. Waajemi wakasema pilpil, Waarabu filfil, na Waswahili wa pwani pilipili. Mgeni wa kutoka Amerika alipofika akapewa jina la yule wa kutoka Bara Hindi, kwa kuwa wote wawili wauma ulimi. Naye yule wa zamani, mweusi, akaitwa pilipili manga ili wasichanganywe. Leo neno hilo lasikika katika Kongo nzima, Kinshasa kama Kalemie, hata kwa watu wasiojua neno jingine la Kiswahili. Msumbiji husema piri-piri, na kwa jina hilo imekwisha kufika katika mikahawa ya London.

KWA NINI KUKU HALII?

Wanafunzi wa darasa langu waliniuliza swali ambalo ni zuri kuliko maswali mengi ya vitabuni. Walisema: "Mwalimu, kuku hula pilipili nyekundu zilizoanguka, wala hatoi machozi. Mbuzi akionja mara moja, harudi. Kwa nini?"

Jibu lake lilitafutwa kwa muda mrefu. Ukali wa pilipili watokana na kitu kiitwacho kapsaisini. Hakitengenezwi ndani ya mbegu, kama tunavyodhani, bali katika ule utando mweupe unaozishika mbegu. Mbegu huwa kali kwa sababu tu zimegusana nao. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake, aligundua kwamba katika mishipa ya fahamu mna kama mlango mdogo ambao kazi yake ni kutuonya tukigusa kitu chenye moto wa kiasi cha digrii 43 na zaidi. Kapsaisini huufungua mlango huo huo. Kwa hiyo ulimi hupeleka habari ya uongo kichwani: "Naungua!" wala hakuna moto. Jasho latoka, pua yatiririka, mwili wajitahidi kujipoza bure. Kwa kazi hiyo Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

Sasa, ndege naye anao mlango huo wa kumwonya juu ya moto, lakini kwake kapsaisini haiufungui. Kuku hasikii kitu. Tena tumbo la ndege haliharibu mbegu. Hutoka nzima na kuota mahali pengine. Mbuzi, panya na binadamu tuna magego yanayosaga, nayo huziua mbegu. Basi mmea umejilinda na wale wanaouharibu, na umemwalika yule anayeupandia watoto wake. Ukiona shina la pilipili limeota chini ya mwembe ambapo hakuna aliyelipanda, ujue ni kazi ya ndege.

Ukali hupimwa. Mwaka 1912 mtaalamu wa dawa wa Marekani, Wilbur Scoville, alichanganya maji ya pilipili na maji ya sukari, akayazidisha mpaka waonjaji wasisikie tena ukali wowote. Kadiri maji yalivyohitajika mengi, ndivyo pilipili ilivyopata hesabu kubwa. Pilipili hoho ile tamu ina sifuri. Ile ndogo nyembamba inayosimama juu, ambayo wengine huiita pilipili kichaa, hufika 50,000 hadi 100,000. Ile ya mviringo iliyojikunja, ya njano au nyekundu, yenye harufu nzuri kama ya matunda, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita pilipili mbuzi, hupita 100,000 na yaweza kukaribia 350,000. Ndiyo ile ambayo mama huitia nzima ndani ya chungu, akaitoa kabla haijapasuka, ili mchuzi upate harufu bila kuwatesa watoto. Mtaalamu aliyekata shauri kwamba asili yake ni China, akaiita kwa Kilatini "ya China", mwaka 1776, alikosea kabisa. Lakini jina limebaki hivyo hata leo.

Huko Marekani wako wakulima wanaoshindana kuzaa pilipili kali kuliko zote. Ile iliyotambuliwa mwaka 2023, iitwayo Pepper X, ina hesabu ya wastani ya 2,693,000. Sijui nani aihitaji jikoni. Vijana wetu waonao mashindano ya namna hiyo katika simu zao, wakataka kuyaiga kwa kujivuna, wasikie haya. Mwaka 2018 madaktari waliandika habari za mwanamume wa miaka 34 katika jimbo la New York, aliyekula moja ya pilipili za aina hiyo katika mashindano, akashikwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafula. Mishipa ya damu ya ubongo wake ilikuwa imejikaza. Alipona. Mwaka 2023 kijana wa miaka 14, huko huko Marekani, alikufa baada ya kula kipande kimoja cha chakula kilichotiwa pilipili za namna hiyo kwa kushindana. Naye alikuwa na kasoro ya moyo tangu kuzaliwa.

TUMBO, MIKONO NA MACHO

Je, pilipili huleta vidonda vya tumbo? Wazee wengi waamini hivyo. Lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha, kuanzia mwaka 1982, kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Dawa nyingine za maumivu, zikimezwa mara kwa mara, huleta vidonda pia. Pilipili siyo mwanzo wa ugonjwa. Hata hivyo, mwenye kidonda tayari, au mwenye kiungulia, akila pilipili huumia; naye afanye vema kuiacha na kwenda zahanati badala ya kulaumu chakula cha mkewe.

Kwa mzima, ikiliwa kwa kiasi, pilipili ni rafiki. Pilipili mbichi ina vitamini C nyingi. Mhangaria Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliipata vitamini hiyo kwa wingi katika pilipili za mji wa Szeged. Ikikaushwa juani, sehemu kubwa ya vitamini C hupotea.

Ukiwashwa mdomoni, usikimbilie maji. Kapsaisini haiyeyuki katika maji. Wayazungusha tu mdomoni. Maziwa ndiyo yanayofaa. Asiye na maziwa atafune tonge kubwa la bukari lililochovywa katika mafuta. Ni vivyo hivyo kwa mikono ya aliyeponda pilipili: jipake mafuta kwanza, usugue, kisha uoshe kwa sabuni, mara mbili. Mama anyonyeshaye asisahau jambo hili kabla ya kumshika mtoto.

Hapo ndipo nafika kwenye neno zito. Wako watu katika nchi yetu waliotia pilipili katika macho ya watoto kwa makusudi. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2006 juu ya watoto wa mitaani wa Kongo, liliandika habari za watoto walioshtakiwa kuwa wachawi, wakanyimwa chakula, wakapigwa, wakatiwa pilipili machoni ili wakiri. Mara nyingi mtoto huyo ni yatima aliyelelewa na mjomba au na mama wa kambo, na kosa lake ni kwamba baba wa nyumba alipoteza kazi, au mtoto mchanga alikufa kwa malaria. Wengine hufanya hayo wakitaja jina la Mungu, ndani ya vyumba vya maombi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, yaadhibu kosa hilo kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Jirani akisikia kilio cha namna hiyo asiseme "pilipili iliyo shamba." Aende, abishe hodi, awaite wazee wa mtaa na polisi. Mtoto aliyetiwa pilipili machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, macho yakiwa wazi. Kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

MAHALI PA KUPANDA

Turudi bustanini. Udongo wetu mwekundu una uchachu mwingi, na pilipili haipendi uchachu. Majivu ya makala, ambayo kila nyumba huyatupa, husaidia kuupunguza. Yatie kiasi kidogo, uyachanganye vizuri na udongo wiki chache kabla ya kupanda. Samadi ya mbuzi au ya kuku iliyokwisha kuoza ndiyo mbolea bora. Iliyo mbichi huunguza mizizi.

Lakini kabla ya majivu na samadi kuna swali kubwa zaidi: udongo huo ni safi? Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wakaao karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao, na watoto zaidi ya watu wazima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kobalti hiyo huingia kwa vumbi na kwa mboga zilizolimwa katika udongo uliochafuka. Majani hukusanya madini na vumbi kuliko matunda, kwa hiyo pilipili yenyewe si hatari ya kwanza. Huliwa kidogo, wakati lenga-lenga hujaza sahani. Ila vyote viwili vyatoka katika tuta moja. Anayechagua mahali pa pilipili amechagua mahali pa mboga zote.

Wazee waliotafuta shaba kabla ya Wazungu walisoma udongo kwa macho. Kilima kisicho na miti, katikati ya pori lenye miti mingi, kilikuwa na shaba; na juu yake yaliota majani madogo yanayovumilia sumu ya madini, kama lile ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Mahali pa namna hiyo pasilimwe chakula. Kadhalika usilime kando ya barabara ya malori ya mawe ya madini, wala chini ya malundo ya mabaki ya kiwanda, wala usinyweshe kwa maji ambamo watu huosha madini. Asiye na mahali pengine afanye tuta la kuinuliwa, alijaze udongo mzuri uliochukuliwa mbali, au apande katika ndoo kuukuu yenye matundu chini. Pilipili hukubali ndoo bila kunung'unika. Mboga zote zioshwe mara tatu katika maji safi, na wachimbaji wa nyumbani waziache nguo za kazi nje, mbali na jikoni.

Mbegu hupandwa kwanza kitaluni, chini ya kivuli chepesi, mwezi wa Agosti au Septemba. Huota baada ya wiki mbili hivi, na zile kali zaidi huchelewa. Miche ikiwa na umri wa wiki sita hadi nane, mvua za Novemba zikianza, hupelekwa tutani jioni, jua likiwa limepoa, kwa nafasi ya nusu mita hivi kati ya mche na mche. Matunda ya kwanza huonekana baada ya miezi mitatu. Wakati wa masika sokoni pilipili huwa nyingi na bei hushuka. Mwenye kisima karibu na aliyepanda tena mwezi wa Machi atauza vizuri zaidi wakati wa kiangazi, ingawa baridi ya usiku ya Juni na Julai hupunguza kukua kwake.

Usiipande mahali palipokuwa na nyanya, mbilingani, viazi vya Kizungu au tumbaku mwaka uliotangulia. Hao wote ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni ukiwangoja. Shina likinyauka ghafula huku majani yakiwa bado mabichi, ling'oe, ulichome, usilitupe kando. Vidukari vikijaa chini ya majani machanga, vioshe kwa maji ya sabuni kidogo asubuhi mapema. Vikiachwa vitaleta ugonjwa wa kujikunja majani, ambao hauna dawa.

Pilipili za kukausha zianikwe juu ya kichanja, si chini, wala si kando ya barabara. Zikikauka nusu nusu kisha zikawekwa katika gunia, huota ukungu wenye sumu ambayo kupika hakuitoi. Zilizo tayari hulia kama njuga ukizitikisa.

Mbegu za mwaka ujao zichukuliwe katika shina lililo na afya kuliko yote, tunda likiwa limeiva kabisa na kuwa jekundu. Kama ulipanda pilipili tamu jirani na kali, tunda la mwaka huu halitabadilika, lakini mbegu zake huenda zikawa za mchanganyiko, na mwakani utashangaa mdomoni. Zikaushe kivulini, uzifunge katika karatasi pamoja na majivu kidogo, uandike tarehe, uziweke mahali pakavu. Zitaota vizuri kwa miaka miwili, na nyingine hata mitatu.